Kamba ya Kifungo Cheupe

Bi harusi alikuwa na ugonjwa wa unadhifu. Sisemi alikuwa msafi tu, maana wasafi wako wengi na hawamsumbui mtu. Yeye kitu kikikaa kombo hapati usingizi mpaka akinyooshe. Alilelewa na bibi yake, mwanamke ambaye hakutupa hata uzi wa gunia, na kwa bibi huyo alijifunza kufungua mafundo kwa ncha ya sindano, kuosha mifuko ya nailoni na kuianika kama nguo, na kupanga vifuniko vya chupa kwa ukubwa wake. Ni tabia njema hizo. Zilimpatia mume, kwa kiasi fulani, na nusura zimharibie nyumba.

Aliolewa mwezi wa saba. Mumewe alikuwa fundi mitambo kwenye kambi ya ujenzi wa barabara, mbali huko, na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kwa hiyo bi harusi aliishi na mama mkwe, wawili tu, katika nyumba ya vyumba vitatu kwenye mtaa wa mteremko, katika mji wa baridi ambako watu hawavui sweta mpaka saa sita za mchana. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alilichukua mwenyewe siku ya kwanza. Wiki ya pili ilimkuta ameshapanga kabati, ameshasugua masizi ya masufuria, ameshabandika viraka kwenye mapazia. Mama mkwe akawa anamsifu kwa majirani. Alisema yeye haoni, lakini nyumba anaisikia imenyooka. Bi harusi alizila sifa hizo kuliko chakula.

Kutoona kwenyewe hakukuwa utani. Macho ya mama mkwe yalimuaga miaka sita nyuma, taratibu, jicho moja kisha la pili, akabaki na mwanga wa kutofautisha dirisha na ukuta. Mikono ndiyo iliyobaki naye. Mtaani waliendelea kumwita Bibi Sweta, maana alikuwa akifuma tangu usichana wake, na upofu ulipoingia aliendelea kufuma akiwa ameuelekeza uso dirishani, sindano mbili zikigongana kwa kasi ileile. Kila Krismasi kila mtu wake alipata sweta: watoto wake watatu, wajukuu, na rafiki yake wa siku nyingi, fundi viatu wa nyumba ya pili. Hakuna aliyepimwa. Hakuna aliyeulizwa. Sweta lilikuja likakaa mwilini kana kwamba lilizaliwa na mwenyewe.

Sasa katika nyumba ile zawadi za Krismasi lilikuwa jambo la kila mtu kujua na hakuna wa kulisema. Unamwona mama anafuma Oktoba nzima, unampita, unamwamkia, hujaona kitu. Hata mume wa bi harusi, aliyemweleza mkewe habari za paa linalovuja na paka anayeiba, hili hakulitaja. Ndiyo ilikuwa heshima yao kwa kazi ya mama. Heshima nzuri, ila haikumfikiria mgeni.

Jumamosi moja, mwisho wa mwezi wa tisa, mama mkwe alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya akishikwa mkono na fundi viatu. Bi harusi akaingia kufuta vumbi chumbani kwa mama. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, ilining'inia mikanda, na chini yake kopo la biskuti. Akalifungua. Ndani aliona kamba nane nyembamba za pamba, zimesokotana, kila moja ina kifungo mwishoni na mafundo matatu matatu yaliyokaa ovyo, hili karibu, hili mbali. Roho ya bibi yake ikaamka ndani yake. Alikaa kitandani na sindano, akafungua mafundo yote ishirini na manne, moja baada ya jingine, kwa subira ambayo ingemfaa kwenye jambo lingine lolote. Kamba zikabaki na mikunjo. Akazilowesha. Akazinyoosha juani kwa mawe. Zilipokauka akazipiga pasi, akazizungusha kila moja kwenye kipande chake cha kadibodi, vifungo vyote vikitazama upande mmoja, akazirudisha ndani ya kopo na kulifunga. Alitoka chumbani mle ameridhika na nafsi yake.

Kesho yake baada ya kanisa akaja wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye watoto wawili na mdomo usiochoka. Walikuwa wanaosha vyombo uani, mama amelala, na wifi akashusha sauti akasema kwamba Oktoba hiyo imefika, mama ataanza. Kuanza nini, bi harusi akauliza. Hapo ndipo wifi alipovunja mwiko wa nyumba, kwa sababu tu alimpenda huyu mgeni.

Akamweleza habari za kopo. Kila mtu ana kamba yake, na kamba inajulikana kwa kifungo. Kaka mkubwa, kifungo cha koti, na mwanawe, chekundu. Yeye wifi, cha bluu chenye mashimo manne. Wanawe, kimoja cha umbo la ua na kimoja cha umbo la gari. Fundi viatu, cha shaba. Mama hupima mwezi wa nane wote wanapokuja kumsalimia: anakukumbatia, anakupapasa mabega, anakushika mkono kana kwamba anakuuliza habari za kazi, kumbe anakupima. Ukiondoka anafunga mafundo. Kutoka kwenye kifungo mpaka fundo la kwanza ni mkono wako, mpaka la pili ni urefu wa mwili, mpaka la tatu ni mzunguko wa kifua.

"Zile kamba ndizo macho yake, wifi," akamalizia. "Sisi hata kuzigusa tunaogopa."

Bi harusi alikuwa ameshika sahani. Aliendelea kuisuuza mpaka wifi akamwambia imetakata. Angesema palepale, jambo lingekwisha kwa kelele na pengine kicheko. Wifi alikuwa mtu wa kucheka. Lakini alifikiri zile sifa za kwa majirani, akafikiri miezi miwili na ushee ya ndoa, akaona ulimi hautoki. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Akanyamaza, na kunyamaza kwa siku ya kwanza ndiko kulikomponza, kwa sababu siku ya pili ilimbidi aeleze na ile ya kwanza.

Akaamua kuziondoa kadibodi na kuyarudisha mafundo. Alikuwa na wiki moja kabla mama hajafungua kopo. Ya mumewe ilikuwa kazi ya dakika tano: shati lake lilikuwa kabatini, na kifungo chake, cha suruali ya kazi, alikitambua mwenyewe. Ya shemeji mkubwa aliipata siku shemeji alipokuja kukarabati bomba akavua koti na kulitundika, na ya mwanawe aliyekuja naye akaipata kwenye sweta alilolivua kucheza. Kwa wifi alikwenda kusaidia kufua, akapima mablauzi na sweta za shule za watoto pale pale kwenye kamba ya kuanikia, akiangalia mlango kila mara kama mwizi wa kuku. Ya fundi viatu ilimtoa jasho. Mzee wa watu, huwezi kumkumbatia. Alizunguka kibanda chake siku mbili, mwishowe akamwambia koti lake limefumuka kwapani, alete lishonwe. Koti halikuwa limefumuka mahali popote. Fundi viatu akalivua, akaligeuza, akatafuta tundu kwa muda, kisha akampa kwa adabu akisema huenda macho yake nayo yameanza kuzeeka.

Zilikuwa saba. Ya nane ilikuwa na kifungo cheupe, kidogo, cha shati, na wifi hakuitaja. Bi harusi akawahesabu watu wa mama mara kumi: watoto watatu, watoto wawili wa wifi, mtoto mmoja wa shemeji mkubwa mwenye kifungo chekundu, fundi viatu. Saba. Wa nane alikuwa nani?

Jibu lilimjia akiwa anafagia, na fagio likamwanguka. Ni baba mkwe. Marehemu aliyefariki kabla yeye hajaingia katika familia ile, ambaye picha yake ilikuwa sebuleni amevaa shati jeupe. Mama alikuwa ameweka kipimo cha mumewe, na yeye amekifuta kwa pasi. Hofu aliyokuwa nayo mpaka siku hiyo ilikuwa ya kuonekana mjinga. Hii sasa ilikuwa nyingine. Aliona amemzika mtu mara ya pili. Koti la marehemu lilikuwa bado kwenye kabati, ndani ya mfuko, likinuka dawa ya nondo. Akalipima, akafunga mafundo matatu kwenye kamba ya kifungo cheupe. Marehemu alikuwa mtu mkubwa, kamba karibu isitoshe. Akaomba msamaha kwa koti lile, kwa sauti, kisha akalirudisha.

Mama mkwe alianza kufuma siku ya pili ya Oktoba. Kuanzia hapo bi harusi hakuwa na raha. Chai aliimimina ikafurika. Alijifunza kusikiliza vidole: jinsi mama anavyochomoa kamba, anavyopapasa kifungo, anavyotembeza kidole gumba mpaka kwenye fundo. Kidole kikisita, naye anasimama alipo. Kikiendelea, anaendelea na kazi. Mara mbili tatu mama alirudia fundo, akatingisha kichwa kidogo, akaendelea. Sweta la shemeji likaisha. La wifi. La fundi viatu. Kila moja lilikunjwa likafungwa kwenye gazeti, na bi harusi akawa anahesabu kama mfungwa: zimebaki tano, zimebaki tatu. Mumewe alipokuja mwisho wa mwezi alimuuliza mbona amekonda. Akasema ni baridi.

Kopo sasa halikukaa tena chumbani. Lilikaa kitini kando ya mama. Wiki ya pili ya Desemba likabaki na kamba moja.

Ilikuwa asubuhi, bi harusi akimenya viazi mlangoni mwa jiko, kutoka hapo akimwona mama upande. Mama alishachagua nyuzi za kahawia na alishafuma mgongo mzima tangu juzi, akitumia urefu wa kamba. Sasa alikuwa ameutandaza magotini. Akaupapasa kwa kiganja kutoka ukingo mpaka ukingo. Akachukua kamba ya kifungo cheupe, akaenda fundo kwa fundo. Akarudi. Akaenda tena. Kisha akaweka sindano chini, na sindano zile hazikuinuka tena siku hiyo.

Wala kesho yake. Mama alikaa kitini, mikono mapajani, uso dirishani. Akiulizwa kama anaumwa anasema hapana. Bi harusi akampelekea chai, akaiondoa imepoa, akampelekea nyingine. Alijiambia huzuni hiyo ni ya mume, kwamba kamba imemkumbusha marehemu, na kwamba huzuni ya namna hiyo mtu huachiwa mwenyewe. Alijiambia hivyo akijua anajidanganya, kwa sababu kama kamba ilikuwa ya marehemu, sweta lilikuwa la nani?

Siku ya tatu mama akamwita, akamwonyesha kiti.

"Mwanangu, mpigie simu wifi yako. Aje achukue hizi nyuzi na sindano, atafute mtu wa kumpa."

Bi harusi akauliza kwa nini. Mama akamweleza polepole, kama mtu aliyekwisha kuyasema moyoni mara nyingi. Alisema macho yalipoondoka hakulia sana, kwa sababu alibaki na vidole, na vidole vinakumbuka. Mwaka huu vimeanza kusahau. Alianza kuona kwenye kamba za mwanzo: mafundo yale hayakuwa na mkono wake, yamekaa kama mafundo ya mgeni, akasema labda ni uzee tu. Lakini hii ya mwisho haina labda.

"Mtu huyu nilimpima mwenyewe, mwezi wa saba, kwa mikono hii. Mwembamba. Mabega yake nayakumbuka hata sasa. Kamba inaniambia ni jitu. Mama yangu alianza hivihivi. Kwanza vipimo, kisha majina, kisha sisi wanawe. Sitaki nifume ujinga watu wavae kwa kunionea huruma."

Ziko hofu mbili katika maisha ya mtu, ya kushikwa na ya kuona alichofanya, na bi harusi kwa miezi miwili na nusu alikuwa ameilea ile ya kwanza tu. Sasa ya pili ilikaa mbele yake kwenye kiti, imevaa kanga juu ya sweta, inaaga akili zake zilizo nzima. Njia ilikuwapo ya kutoka salama. Angepiga simu. Nyuzi zingeondoka, kopo lingeondoka, na siri ingekwenda nayo, na watu wote wangesema maskini mama, uzee.

Alishuka kitini akapiga magoti, akashika ile mikono.

"Mama, vidole vyako havijasahau kitu. Ni mimi. Nilizifungua zote."

Akaeleza. Alieleza sindano, mawe, jua. Alipofika kwenye pasi mama akamkatiza, akauliza kama alipiga pasi kwelikweli. Akasema ndiyo, mama, na kadibodi. Akaeleza koti la shemeji, sweta za watoto kwenye kamba, na fundi viatu aliyetafuta tundu lisilokuwapo. Akaeleza koti la marehemu. Hapo mama akautoa mkono mmoja, akaurudisha.

"Kwa hiyo si mimi," mama akasema.

"Si wewe, mama."

"Sema tena."

"Si wewe. Ni mimi."

Mama mkwe alivuta pumzi ndefu, akaitoa, akafuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha hasira ikafika, na ilikuwa haki yake. Hakupaza sauti. Alisema kuvunja kitu si kosa, hata yeye alivunja vingi nyumbani kwa mama mkwe wake. "Lakini siku tatu nimejizika hapa kitini, na wewe unanipitishia chai." Walikaa hivyo mpaka maji jikoni yakachemka yakamwagikia moto.

Mama ndiye aliyeanza tena. Alisema marehemu hakuwa na kamba, hajawahi kuwa nayo. Alimpima kwa mikono kila siku miaka thelathini na nane. Angemfungia fundo la nini? Akapapasa kopo, akaitoa kamba ya kifungo cheupe, akayafungua mafundo matatu ya jitu kwa kucha, harakaharaka, akamwambia asimame.

Bi harusi akasimama. Hakuelewa mpaka ile mikono ilipomzunguka, kama ilivyomzunguka siku ile alipoingizwa nyumbani mle, mwezi wa saba, na yeye akadhani ni furaha tu ya mama kupata mkwe. Ikapita mabegani. Ikashuka mkononi mpaka kifundo. Kifungo kile kilikuwa cha shati la mume wa bi harusi, mama akasema, shati alilovaa mtoto wake siku aliyokuja kumwambia amepata mchumba. Sasa mkwe huyu ameiharibu zawadi yake mwenyewe. Atakuwa mtu pekee katika ukoo anayelijua sweta lake kabla ya siku.

Machozi yalikuwa yakimtoka bi harusi, na alikuwa akijibana yasisikike.

"Acha kulia kwanza," mama akasema, kamba ikiwa imemzunguka kifuani. "Kifua cha mtu anayelia hakipimiki."

Alijaribu. Hakuweza. Mama akangoja, akangoja, mwishowe akasema basi, akafunga fundo hivyohivyo. Kisha akamrushia ule mgongo wa sweta la jitu, akamwambia aufumue mpaka uzi wa mwisho, kwa kuwa kazi hiyo inaonekana anaiweza.

Siku ya Krismasi watu wote walivaa, na kila sweta likakaa vizuri, isipokuwa la fundi viatu lililombana kidogo kwapani, naye akasema hapo ndipo palipokuwa na lile tundu. La bi harusi, la kahawia, lilimzidi kidogo kifuani, upana wa vidole viwili. Wifi, ambaye hakuwa amejua lolote, aliliona, akashangaa, akamwambia mama kwa upole kwamba mwaka huu hapo amekosea.

Mama mkwe akasema hajakosea. Akanyoosha mkono kumtafuta mkwewe, akalishika lile sweta pale palipozidi, akalivuta kidogo, akaliachia.